Bakteria ni walewale, tabia mbalimbali: kwa nini dozi ya TB ni miezi 6

Swali: Wiki ya tatu kikohozi kimeisha, nataka kurudi kambini kuvua dagaa. Vidonge vya nini tena?

Jibu: Dawa imewaua bakteria waliokuwa macho. Waliosinzia bado wamo pafuni, na hao hawamkohozeshi mtu. Isoniazidi huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, hivyo anayekua hufa upesi. Aliyelala hajengi kitu, dawa haina pa kumshika. Ndiyo maana miezi 2 ya kwanza unameza dawa nne: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Pirazinamidi kazi yake hasa ni hao wazembe waliojificha penye tindikali. Kisha inafuata miezi 4 ya isoniazidi na rifampisini.

Swali: Hao waliolala ni aina nyingine ya bakteria?

Jibu: Hapana, ni uzao mmoja, vinasaba vilevile. Bakteria wa TB ana jeni karibu 4,000, ila hazifanyi kazi zote kwa wakati mmoja. Zipo protini zinazoshika DNA, yaani uzi unaobeba jeni, na kuwasha au kuzima jeni fulani. Oksijeni ikipungua, protini iitwayo DosR huwasha jeni karibu 50, na bakteria anapunguza mwendo. Mvuvi wa dagaa anaijua hali hii: mbalamwezi ikiwaka, mtumbwi unabaki mwaloni na nyavu zake zote. Haujaharibika, umepumzika tu. Tena bahati nayo imo. Protini hizo huwa chache ndani ya seli, na seli ikigawanyika si lazima watoto wapate mgawo sawa. Ndiyo maana hata ndugu walio mahali pamoja hutofautiana.

Swali: Basi wamekuwa sugu?

Jibu: Bado. Wengi huchanganya hapa. Usugu ni badiliko la jeni yenyewe, na watoto hulirithi. Aliyelala akiamka, uzao wake hufa kwa dawa ileile. Mtafiti Joseph Bigger aliliona hilo mwaka 1944 alipowamwagia penisilini bakteria wa majipu. Hatari ni kuacha dozi katikati: wanaamka, wanazaliana, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa jipya kwenye jeni. Ukimeza leo na kuacha kesho, unawabakiza walio sugu.

Swali: Nikisahau, au nikihamia Ukerewe?

Jibu: Ukikumbuka siku ileile, meza. Kesho usimeze dozi mbili. Meza tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula, maana chakula hupunguza rifampisini inayoingia mwilini. Kabla ya kupanda kivuko, pita kituoni wakuandikie uhamisho na kukupa dawa za njiani. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, ni rifampisini. Macho yakiwa ya manjano au ukianza kuona ukungu, nenda kituoni siku hiyohiyo. Makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, hata kama hukohoi.