Sukari Imesoma 5.2, Lakini Pima na Kiuno

Mtu akipima sukari asubuhi kabla ya kula, ikasoma 5.2 (milimoli kwa lita), ataambiwa hana kisukari, na ni kweli hana. Namba hiyo haionyeshi kongosho limetoa jasho kiasi gani kuifikisha hapo. Kuna anayefika 5.2 kwa insulini, homoni inayoshusha sukari, kidogo tu, na kuna anayefika 5.2 hiyohiyo kwa insulini mara tatu yake. Mashine ya sukari haiwezi kuwatofautisha. Huyo wa pili ana usugu wa insulini, yaani mwili wake hauiitikii vizuri, na anaweza kuishi nao miaka mingi kabla sukari haijapanda.

Tukila, kongosho hutoa insulini yenye kazi kubwa mbili: kuifanya misuli ivute sukari kutoka kwenye damu, na kulizuia ini lisimwage sukari liliyoitunza. Mafuta yakijaa kwenye ini na ndani ya misuli, amri hiyo haifiki sawasawa. Misuli huvuta kidogo, ini huendelea kumwaga, na kongosho hulazimika kuongeza dozi. Siku kongosho likishindwa kufidia, ndipo sukari inapanda. Wale wanaoshangaa, "Sijala tangu jana usiku, mbona imesoma 6.4?" jibu lao liko hapo: sukari hiyo imetoka kwenye ini.

Kipimo cha kwanza ninachokiamini hakihitaji damu. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pandisha nguo, simama wima. Papasa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati ya hapo. Si pale mkanda au kanga inapofungwa. Kwa wenye kitambi huko ni chini mno, na namba hutoka ndogo. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Mipaka inayotumika ni sm 94 kwa mwanamume na sm 80 kwa mwanamke, ila imeazimwa kutoka kwenye vipimo vya Wazungu, kwa hiyo siichukulii kama msahafu. Napendelea hii: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwanamume wa sm 164 mwenye kiuno cha sm 90 yuko chini ya 94, lakini nusu ya urefu wake ni 82. Huyo namfuatilia, hata kama mikono na miguu yake ni myembamba. Najua kwetu kitambi bado kinahesabika kuwa dalili ya msimu mzuri wa korosho.

Halafu tazama shingo kwa nyuma, makwapa na kinena. Ngozi iliyo nyeusi zaidi, nene kidogo na laini kama mahameli, mara nyingi pamoja na vinyama vidogo vinavyoning'inia, ni alama ya insulini nyingi kwenye damu. Siyo uchafu. Watu huisugua kwa dodoki na ndimu mpaka inachubuka, au hupaka krimu za kujichubua, na baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali ambazo zenyewe huongeza usugu. Ila weusi huo ukitokea ghafla na kuenea haraka kwa mtu mzima anayekonda, usiwaze insulini kwanza. Nenda ukachunguzwe saratani, hasa ya tumbo.

Kwa wanawake ongeza maswali matatu ya kusaka usugu huo: hedhi hupotea miezi kadhaa na ndevu zinaota kidevuni? Uliwahi kuambiwa una kisukari cha mimba? Ulijifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi?

Tukija maabara, sukari ya asubuhi baada ya kufunga saa 8 au zaidi (maji ruksa) ikiwa 6.1 hadi 6.9 ni onyo, 7.0 na kuendelea ni kisukari, na kama huna dalili hurudiwa siku nyingine. Nawa mikono kwanza kwa sabuni. Maji ya bibo au embe yakibaki kidoleni hupandisha namba, na stripu zilizoachwa kopo wazi kwenye unyevu wetu wa pwani huharibika. Kipimo kinachofichua zaidi ni cha kunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji ndani ya dakika 5, kisha kupima baada ya muda wa saa 2: 7.8 hadi 11.0 maana yake mwili unashindwa kuimudu sukari, 11.1 na kuendelea ni kisukari. Siku tatu kabla yake kula kama kawaida, na ukishakunywa, kaa. Ukienda sokoni kusubiri muda, misuli itavuta sukari na majibu yatakudanganya.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, yaani HbA1c, kina mtego huku kwetu. Mwenye selimundu, aliyetoka kuugua malaria kali au aliyeongezewa damu anaweza kupata namba ya chini isiyo ya kweli. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha. Trigliseridi, aina ya mafuta ya kwenye damu, nazo hazitusaidii sana: Waafrika wengi wenye usugu huwa nazo za kawaida kabisa, hivyo ule uwiano wake na HDL, kolesteroli nzuri, unaosifiwa mitandaoni huwaacha bila kugundulika.

Insulini yenyewe hupimika. Unazidisha sukari kwa insulini ya asubuhi, unagawanya kwa 22.5. Wale wawili wa 5.2, mmoja akiwa na insulini 5 (µU/mL) anapata 1.2, mwenye 15 anapata 3.5. Tofauti inaonekana, lakini maabara hazijakubaliana mpaka mmoja, na futi kamba haina gharama. Simwagizi mtu akalipie.

Marekani, utafiti uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58; dawa ya kisukari iitwayo metformini ilipunguza kwa 31. Kwa mwenye kilo 80 hiyo ni kilo 5.6. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu, kwa hiyo dakika 15 za kutembea baada ya chakula cha usiku zina faida yake. Na mkulima asijidanganye kuwa jembe linatosha. Halimi mwaka mzima.

Ugali wa muhogo ni wanga mtupu, protini haba. Usiuache, upunguze theluthi moja, nafasi hiyo ijazwe mbaazi, kunde, kisamvu au dagaa, na uanze na hizo kabla ya tonge. Soda ya mililita 350 ina takribani gramu 35 za sukari, hiyo iache. Korosho haipandishi sukari sana, ila kiganja kimoja, si bakuli.

Metformini usijinunulie dukani kwa sababu ya kiuno peke yake. Kabla ya kuianza figo hupimwa, na anayeamua ni daktari aliyeona majibu yako.