Je, wajua kwa nini kimeng'enya cha CDK2 hakiwezi kufanya kazi bila protini iitwayo saiklini?

Kabla ya kugawanyika, seli hulazimika kunakili DNA yake yote, na miongoni mwa protini zinazoiruhusu kufanya hivyo ni kimeng'enya kiitwacho CDK2, ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Ni kidogo, chenye amino asidi, yaani vijenzi vya protini, 298 tu. Ajabu ni kwamba kikiwa peke yake hakifanyi lolote la maana.

Sababu ilianza kuonekana mwaka 1993, fuwele zake zilipopigwa miale ya eksirei na umbo lake likajulikana. Kimeng'enya hiki kina pande mbili, wa juu mdogo na wa chini mkubwa, na katikati upo mwanya inamokaa ATP, molekuli inayotoa fosfeti. Vifaa vyote vimo, ila vingine vimekaa vibaya. Kipande kirefu cha mnyororo wa amino asidi kimejikunja mbele ya mwanya na kuziba njia ya protini inayotakiwa kubandikwa fosfeti. Aidha, msokoto mmoja wa upande wa juu umegeuka, hivi kwamba glutamati, amino asidi ya 51, ambayo ingesaidia kuiweka ATP sawasawa, inatazama nje.

Mwaka 1995 ikapatikana picha ya CDK2 ikiwa imeshikana na saiklini A, mojawapo ya saiklini, na picha hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye mafunzo zaidi. Saiklini haileti kifaa kipya. Huubana ule msokoto, ikauzungusha na kuusukuma ndani mpaka glutamati ikaishika lisini, amino asidi ya 33, huku kile kipande kilichoziba njia kikivutwa kando. Saiklini yenyewe karibu haibadiliki umbo. Kisha fosfeti moja hubandikwa kwenye treonini, amino asidi ya 160, na kipande hicho kikatulia mahali pake.

Saiklini za kwanza ziligunduliwa na mwanasayansi Tim Hunt mwaka 1982 huko Woods Hole, Marekani, katika mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayechoma miguu ya wapita ufukweni. Aliona protini inayoongezeka, kisha ikatoweka ghafla kila mayai yalipogawanyika. Kwa hiyo CDK2 huamka na kulala kwa kufuata ujio wa mwenzake.

Hata wakiwa pamoja, seli ina breki: protini p27 hujilaza juu ya wote wawili na kuchomeka kipande chake ndani ya mwanya, hivyo ATP ikifika hukuta nafasi imekwisha kukaliwa.