Je, wajua kwa nini Wi-Fi husuasua hata vijiti vikiwa vimejaa?

Simu inaonyesha vijiti vyote vya Wi-Fi, lakini video inazunguka tu. Wengi hapo huilaumu kampuni ya intaneti, na mara nyingine wana haki. Ila vijiti vile havisemi lolote kuhusu intaneti. Vinapima jambo moja: simu yako inaisikia ruta kwa nguvu kiasi gani. Havielezi kama ruta nayo inaisikia simu, ambayo mawimbi yake huwa dhaifu zaidi. Wala havijui kama faiba, ule waya unaoleta intaneti kwa mwanga, imekatwa na wachimbaji wa barabara mtaa wa pili.

Basi tenganisha kwanza mambo hayo mawili. Sogea hadi ilipo ruta, fungua kivinjari, andika anwani ya ruta yenyewe. Kwa kawaida imebandikwa chini yake, na mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wake ukifunguka papo hapo huku tovuti nyingine zikigoma, Wi-Fi yako ni nzima. Shida iko kwenye laini inayoingia nyumbani. Kwa wenye faiba, taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwaka nyekundu ujue mwanga haufiki. Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa au umechomoka, la sivyo mwite fundi.

Lakini kama karibu na ruta mambo ni shwari, na shida huanza chumbani au ikifika jioni, tatizo liko hewani.

Wi-Fi nyingi bado hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Mwaka 1985, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliruhusu vifaa vya mawasiliano kuyatumia bila leseni, na leo yamejaa: Bluetooth, kamera za ulinzi, ruta za majirani. Katika nchi nyingi yamegawanywa katika chaneli 13, yaani njia ndogo ambazo ruta huchagua mojawapo, lakini zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali Wi-Fi huhitaji upana wa megahezi 20 hivi. Kwa hiyo chaneli ambazo kwa kawaida hutumika pamoja bila kugusana ni tatu: 1, 6 na 11.

Ruta za chaneli moja hupeana zamu kama wazee barazani: kila moja husikiliza kwanza, na ikikuta mwingine anazungumza, hungoja. Katika ghorofa za Kariakoo, Dar es Salaam, au Pipeline, Nairobi, saa mbili usiku kila mtu akiwa nyumbani, kungoja huko ndiko kukwama unakokuona. Anayehamia chaneli ya 3 akidhani amekimbia msongamano hujiumiza zaidi, maana sasa anapata kelele za chaneli 1 na 6 kwa pamoja, na kelele hizo hazielewani naye ili wapishane.

Maikrowevu nayo hupasha chakula kwa mawimbi ya gigahezi 2.45. Ndani yake kuna mamia ya wati, wakati ruta hurusha takriban sehemu ya kumi ya wati moja. Kiasi kidogo kinachovuja, kisichomdhuru mtu, chatosha kuivuruga.

Halafu kuna kuta. Zege lenye nondo, mabati, kioo kikubwa cha kabati, tangi la maji: vyote hula mawimbi au kuyarudisha. Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ni mtihani hasa. Ruta iliyowekwa sakafuni nyuma ya televisheni haitafika chumba cha tatu. Iweke juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba.

Kama ruta yako ina gigahezi 5, hamishia huko televisheni na kompyuta zilizo karibu. Kuna chaneli nyingi zaidi na maikrowevu haifiki, ingawa ukuta huyadhoofisha mawimbi hayo haraka zaidi. Chumba cha mbali kikishindikana kabisa, wengi hununua kifaa cha kurudufu mawimbi, kisha hukichomeka palepale pasiposhika. Hapo kinarudufu udhaifu. Nafasi yake ni katikati ya njia, ambako bado kinaisikia ruta vizuri, na kikiunganishwa na ruta kwa kebo hufanya kazi vizuri zaidi.