Kabla Shehia Haijanunua Pampu Kubwa

Maombi ya kamati za maji za mashariki ya Unguja yanafanana mno: watu wameongezeka, mifereji ya majumbani inatoa maji saa chache tu, wa mwisho wa laini hawapati kabisa, basi tutafutieni pampu kubwa. Nawaelewa. Pampu ni kitu kinachoonekana, na mfadhili akiitoa kila mtu anajua katoa nini. Lakini kwa kisiwa chetu pampu ndiyo iwe ya mwisho kuamuliwa.

Ukanda wote wa Makunduchi, Jambiani na Paje hadi Michamvi ni maweni. Mvua ikinyesha haikai juu. Inapenya kwenye mianya ya mawe mpaka chini, na huko inaelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pwani, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu Ghyben na Herzberg walilipigia hesabu jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 nyengine chini yake. Hiyo ni neema, lakini hesabu hiyo hiyo inatwambia kuwa usawa wa maji ukishuka nusu mita na ukabaki hapo, chumvi ya chini nayo itapanda kama mita 20. Pampu inayovuta kwa pupa inaivutia chumvi moja kwa moja chini ya kisima. Ikishaingia haiondoki kwa kuzima pampu usiku mmoja. Inaweza kusubiri masika kadhaa.

Kwa hiyo kwanza kijueni kisima chenu. Tafuteni kipima chumvi cha mkononi, kamba ya kupimia kina, na daftari. Andikeni kina cha maji kabla ya kuwasha pampu, kisha kila saa, pamoja na kiwango cha chumvi. Maji yakishuka kidogo halafu yakatulia, kisima kinamudu. Yakiendelea kushuka, au chumvi ikawa inapanda saa hadi saa, kimeshazidiwa hata kwa pampu mliyonayo. Angalieni na bahari pia: visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja nayo, kwa hiyo kipimo cha bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, msikilinganishe na cha maji mafu, inapojaa na kutoka kidogo. Na pimeni Februari au mapema Machi, kaskazi inapokaribia kwisha. Kisima kilichopimwa Mei, baada ya mvua za masika, kitaonekana kizuri kuliko kilivyo.

Wahojini na kinamama kabla ya yote hayo. Bibi mmoja wa huko kusini aliniambia, "Mwanangu, jua likishakuwa kali sabuni haitoi povu, na chai ina ladha nyengine." Nilipotia kipima chumvi kisimani kwao kilisema vile vile alivyosema yeye.

Baada ya kisima, nendeni kwenye tangi, na nendeni usiku. Fungeni bomba linaloingiza maji, waombeni watu wafunge mifereji, halafu teremsheni kijiti kilichotiwa alama mle ndani saa 6 usiku na tena saa 10 alfajiri. Tuseme sakafu ya tangi ni mita za mraba 20. Kila sentimita 1 inayoshuka ni lita 200. Yakishuka sentimita 15 kwa saa hizo nne, zimepotea lita 3,000 hali ya kuwa watu wamelala, na kwa kasi hiyo ni lita 18,000 kwa siku. Shehia ya watu 1,800, kila mmoja akitumia lita 40, inahitaji lita 72,000 kwa siku. Uvujaji peke yake ni sawa na robo ya mahitaji yao! Kuyaziba maungio kunagharimu kidogo sana kuliko kuchimba kisima kipya, na hakuongezi tone moja la chumvi.

Ndipo tuje kwenye pampu. Lita hizo 72,000 ukizivuta kwa saa 6, unavuta lita 12,000 kila saa. Ukizivuta kwa saa 18, ni lita 4,000 tu. Maji ni yale yale, lakini kisima kinapumua. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kila kitu kiwe sola. Jua la kufaa ni la saa chache, kwa hiyo sola peke yake inawalazimisha kuvuta maji ya kutwa kwa haraka, na maweni hayataki haraka. Lakini kutegemea waya mmoja wa umeme nako tumekuona: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa kutoka bara, pampu zikasimama na watu wakahangaika na madumu. Ninachopendelea ni visima viwili vifupi vilivyoachana, kila kimoja na pampu ndogo inayopokea sola mchana na umeme wa gridi usiku, na tangi kubwa kuliko mnavyodhani mnahitaji.

Kuhusu wa mwisho wa laini, mara nyingi hakuna uhaba wa maji, kuna bomba jembamba. Kila nyumba mpya imeungwa kwenye bomba la jirani, na jirani kaungwa kwa mwengine. Kwa kiasi kile kile cha maji, bomba la inchi 3 hupoteza msukumo mara saba hivi pungufu ya la inchi 2. Badilisheni bomba kuu, wekeni vali kila mtaa, na msitegemee tangi lililo chini: kila mita 10 za kimo ndizo zinazotoa msukumo wa baa 1.

Kuchimba kisima kipya kunapitia Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji namba 4 ya mwaka 2006. Mtakapokwenda, chukueni daftari la vipimo vyenu, na ombeni kisima kisogezwe ndani ya kisiwa, mbali na pwani, hata kama bomba litakuwa refu. Na kabla ya kusaini chochote, ulizeni nani atalipa pampu itakapoungua, kisha kubalianeni kwenye mkutano wa shehia kila nyumba itatoa kiasi gani kwa mwezi, na nani atashika risiti.