Kimeta: hatari huanza kabla ya sufuria

"Nyama ikichemshwa sana haina shida." Kauli hiyo haikosekani ng'ombe anapoanguka ghafla Monduli, Ngorongoro au Rombo, kaskazini mwa Tanzania, na mara nyingi anayeitoa ameshashika kisu. Inachosha kuisikia, maana wagonjwa wengi wa kimeta, ugonjwa wa bakteria (anthrax) unaotoka kwa wanyama, hawaupati kwa kula. Wanaupata kwa kuchuna, kukatakata, kubeba nyama begani na kuanika ngozi. Mchubuko mdogo wa kidole unatosha. Nyama inapofika jikoni, mchunaji ameshaambukizwa.

Hata hiyo sufuria msiitegemee. Pande kubwa huiva nje huku katikati joto halijafika, nyama ya kuchoma ndiyo kabisa, na damu mbichi haipiti motoni hata kidogo. Kimeta cha tumbo huua haraka.

Kisha kuna ardhi. Ndani ya mzoga usiopasuliwa, bakteria wa kimeta hukosa oksijeni, na wale wa uozo huwamaliza ndani ya siku chache. Ukiupasua, damu humwagika, hewa huingia, nao bakteria hujigeuza spora, yaani umbo sugu la bakteria lililolala. Spora hukaa udongoni kwa makumi ya miaka, hadi ukame uwalazimishe ng'ombe kung'ata majani mafupi pamoja na vumbi. Nyama ya kibudu kimoja inaweza kuwaulia wajukuu wenu mifugo. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Kwa hiyo mnyama akifa ghafla, hasa akitoka damu isiyoganda puani au sehemu ya haja, na mwili usikakamae vizuri, usimpasue. Kutokuona damu si ruhusa ya kuchuna. Funika mzoga kwa turubai au matawi ya miiba, fukuza mbwa, mwite afisa mifugo. Sampuli huchukuliwa sikioni. Asikubali mtu kupasua tumbo ili "kutazama bandama". Mzoga uchomwe uwe majivu, au uzikwe shimo la mita 2, mbali na maji, pamoja na udongo wote ulioloa damu. Msimwage chokaa humo: Shirika la Afya Duniani halishauri, kwa kuwa kalsiamu inaweza kuzisaidia spora kudumu.

"Jipu lisilouma si la kuhangaikia." Kinyume chake. Kimeta cha ngozi huanza na kipele kinachowasha, kwa kawaida siku 1 hadi 7 baada ya kugusa mzoga, kisha malengelenge, kisha kidonda cheusi katikati, kimevimba pembeni na hakiumi. Usikitumbue wala kukikata. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na utaje mzoga ulioushika, la sivyo mganga anaweza kudhani ni jipu la kawaida. Antibiotiki hutibu vizuri zikiwahi.

"Mgonjwa atengwe na familia." Hapana sababu. Kimeta hakienei kwa kupeana mikono wala kwa kukohoa. Funika kidonda tu, na usiguse majimaji yake.

"Tulichanja mwaka juzi." Chanjo ni ya kila mwaka. Nayo ni bakteria hai waliodhoofishwa: ukimchanja ng'ombe aliye kwenye antibiotiki, dawa inawaua na umetupa pesa.

"Kimeta ni unga wa magaidi." Barua zenye spora za kimeta zilizotumwa Marekani mwaka 2001 ziliua watu 5, ni kweli, lakini kwetu kinakuja na ng'ombe, mbuzi na wanyamapori. Hata hivyo, ukifungua bahasha ukakuta unga usioujua, usiunuse wala kuukung'uta. Iweke chini, zima feni, toka, funga mlango, nawa mikono kwa sabuni na maji mengi, kisha piga simu polisi. Sanitaiza haifai hapa: spiriti haiui spora, wakati maji na sabuni huziondoa mikononi.