Point 22 au point 17? Vitu watu wanadanganyana kuhusu risasi ndogo

Huku Marekani ukisema unaenda kuwinda kindi hakosi mtu wa kukwambia achana na .22 LR hiyo ya mababu, chukua .17 HMR (zote mbili ni aina za risasi ndogo, namba ni upana wake kwa inchi). Ya mababu kweli, ipo tangu 1887, na .17 HMR imetoka 2002 juzi tu na inakimbia balaa, kama mita 780 kwa sekunde wakati .22 inacheza kwenye 320 mpaka 380. Ila kichwa cha hiyo .17, kile kipande kinachoruka, kina gramu 1.1 tu na nyingi zimetengenezwa zipasuke zikigonga, kwahiyo ukimpiga kindi kifuani kitoweo hamna, utaokota matambara. Kule South Dakota kwa wale wanaoitwa mbwa wa nyika (sio mbwa jamani, ni ndugu wa kindi, anachimba mashimo malishoni) hapo sawa, hamna anayetaka nyama yake, na mita 150 unampata vizuri wakati .22 LR ishashuka vibaya.

Ya pili ndo mimi mwenyewe niliibishia sana: eti upepo ukikusumbua nunua .22 LR ya spidi kubwa. Wapi! Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, risasi ikitoka juu ya hapo hewa inaikaba mno, inapoteza mwendo haraka, na kadri inavyopoteza mwendo ndo upepo unavyopata nafasi ya kuisukuma pembeni, kwahiyo ile ya polepole ya 320 inayumba kidogo kuliko ya 380. Alafu haina ule mlio wa kupasua hewa.

Wengine wanaona .22 Magnum (risasi nyingine, nene kidogo na yenye nguvu kuliko LR) nayo ni 22, basi wanachomeka LR kwenye bunduki ya Magnum. Inaingia ndio, ila inapwaya, ganda linaweza kupasuka gesi ya moto ikakurudia usoni. Usijaribu. Na maganda ya hizi usihangaike kuyaokota, cha kuwashia baruti kiko ndani ya ukingo wa ganda, kwa kawaida hayajazwi tena.

Afu kuna wanaoiita .22 toi. Toi gani inaweza kufika kilomita 2? Tena ikigonga jiwe au maji inadunda inaenda inakojua. Kindi anakaa juu ya mti, sasa ukimkuta kwenye kitawi chembamba nyuma yake mbingu tupu, muache, subiri ajibanze kwenye shina.