Instrumentesheni katika mitambo ya mafuta na gesi: maana yake na inavyofanya kazi

Katika kiwanda cha kusafisha mafuta, karibu kila jambo la maana hutokea ndani ya chuma. Mafuta ghafi hupashwa moto tanurini hadi nyuzi joto 350 hivi za Selsiasi, hupanda mnarani, hutengana kuwa petroli, mafuta ya taa, dizeli na masalia mazito, na hakuna jicho linaloyaona. Mtu wa zamu amekaa mbali, kwenye chumba cha udhibiti, akitazama namba kwenye skrini. Instrumentesheni ni vyote vinavyomletea namba hizo, pamoja na vyote vinavyotekeleza uamuzi unaotokana nazo: vihisi, transmita (vifaa vinavyotuma vipimo), nyaya, kompyuta za udhibiti, valvu na mifumo ya kuzima mtambo.

Vinavyopimwa zaidi ni vinne: presha, joto, mtiririko na kina cha kimiminika kwenye tangi au mnara. Joto, kwa mfano, hupimwa sana kwa kihisi cha platinamu kiitwacho PT100. Kikiwa kwenye nyuzi 0, ukinzani wake wa umeme ni omu 100; kwenye nyuzi 100 unafika omu 138.5. Mtiririko ndio wenye hila kidogo. Bamba lenye tundu huwekwa ndani ya bomba, kisha hupimwa tofauti ya presha kati ya upande wa mbele na wa nyuma yake. Tofauti hiyo ikiongezeka mara nne, mtiririko umeongezeka mara mbili tu. Ukisahau hesabu ya kipeuo cha pili hapo, namba zako zote ni uongo mtupu.

Kipimo kikishapatikana lazima kisafiri. Njia iliyoenea zaidi ni mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20 unaopita kwenye nyaya mbili. Transmita ya presha iliyopangwa kupima bar 0 hadi 10 hutoa miliampea 4 presha ikiwa sifuri, 12 ikiwa bar 5, na 20 ikifika bar 10. Kwa nini haianzii 0? Kwa sababu waya uliokatika nao hutoa 0. Kama 0 ingekuwa na maana ya "tangi tupu", waya ukikatika mtambo ungeendelea kujaza tangi ambalo pengine limeshafurika. Kwa kuanzia 4, ukimya wa waya unajulikana papo hapo kuwa ni hitilafu. Juu ya hayo, zile miliampea 4 za mwanzo hutosha kuendesha transmita yenyewe, kwa hiyo haihitaji waya mwingine wa umeme. Kabla ya hapo kazi hii ilifanywa na hewa iliyobanwa, yenye presha kati ya psi 3 na 15 (psi ni kipimo cha presha), kwa mantiki ile ile. Kwangu mimi, hili ndilo wazo zuri kuliko yote katika fani nzima: kifaa kinachoweza kukuambia kwamba kimekufa.

Udhibiti wenyewe huenda kwa mzunguko. Transmita inapima, kidhibiti kinalinganisha kipimo na kiwango kilichowekwa, kisha kinaiagiza valvu ifunguke au ifunge kidogo, na kipimo kinachukuliwa tena. Kidhibiti cha kawaida, PID, huangalia mambo matatu: kosa lililopo sasa ni kubwa kiasi gani, limelimbikizwa kosa kiasi gani tangu mwanzo, na kosa linabadilika kwa kasi gani. Kanuni za kukirekebisha zilizotolewa na wahandisi Ziegler na Nichols mwaka 1942 bado zinafundishwa. Valvu nyingi husukumwa na hewa upande mmoja na springi upande mwingine, na hapo mhandisi huamua mapema hewa ikikatika springi iipeleke wapi: valvu ya gesi inayowasha tanuri hufunga, ya maji ya kupoozea hufunguka.

Tatizo gumu ni kifaa kilicho hai ambacho kinadanganya. Machi 23, 2005, katika kiwanda cha kampuni ya mafuta ya BP huko Texas City, Marekani, wafanyakazi walikuwa wakiwasha upya mnara wenye urefu wa mita 52 hivi. Kipima kina chake kilitazama sehemu tu ya mita tatu hivi za chini. Kilikuwa silinda iliyoning'inizwa ndani ya kimiminika. Kimiminika kikipanda, kinaibeba zaidi, na kifaa kinasoma kina kimeongezeka. Lakini silinda ikishazama yote, kinachobaki kupimwa ni uzito wa kimiminika chenyewe. Kilipopashwa moto kikawa chepesi, kikaibeba silinda kwa nguvu ndogo kuliko awali, na skrini ikaonyesha kina kinapungua taratibu wakati mnara ulikuwa karibu kujaa. Kengele ya pili, ambayo ilikuwa huru na kipima hicho, haikulia. Kimiminika kilifurika, mvuke ukawaka, na watu 15 wakafa.

Ndiyo maana mitambo huwa na mfumo wa pili, wa usalama, wenye vihisi vyake, kompyuta yake na valvu zake, usiotegemea ule wa uendeshaji wa kila siku. Kiwango cha kimataifa kinachousimamia ni IEC 61511. Mara nyingi vihisi vitatu hupima kitu kimoja na kupiga kura: viwili vikikubaliana kwamba hali ni ya hatari, mtambo unazimwa bila kumuuliza mtu. Kura hiyo huzuia maafa mawili kwa pamoja, kwani kihisi kimoja kibovu hakiwezi kuzima mtambo bure, wala hakiwezi kuzuia usizimwe. Hata hivyo mfumo huo unaweza kukaa miaka bila kuitwa kazini, na valvu iliyokaa wazi muda wote huo inaweza kuwa imeganda. Kwa hiyo hufanyiwa majaribio kwa ratiba, na majaribio hayo ni sehemu ya hesabu ya usalama tangu mtambo unasanifiwa.

Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa usalama wa kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, kwa programu iliyokuja kuitwa Triton. Vidhibiti vya usalama viligundua hitilafu ndani yao vyenyewe, vikazima mtambo, na uchunguzi wa kuzimika huko ndio uliofichua udukuzi.